Aliyegawa Matone

Picha ya kwanza ilikuwa safi kama yai lililochemshwa likakatwa katikati. Kiini cha seli kilijaa kwenye kioo cha mashine, na ndani yake uzi mzito, ule uliolala, ulikuwa umejikusanya katikati kabisa ukawa donge moja jeusi. Uzi mwepesi, ule unaofanya kazi, ulilizunguka donge hilo kama ute. Nyemo alitabasamu. Hii ilikuwa seli ya jicho la usiku, iliyogeuzwa ikageuka sawasawa, na kilichogeuka sawasawa kinaweza kurudishwa.

Akaweka picha ya pili.

Kwanza alidhani lenzi imechafuka. Akaifuta kwa pamba, akatazama tena. Hapakuwa na donge, wala hapakuwa na ukingo. Uzi mzito ulikuwa umetapakaa vipande vipande. Vingine vimeng'ang'ania ukuta wa kiini, vingine vinaelea katikati bila mpango, kama uji uliokorogwa na mtu mwenye haraka ukabaki na madonge.

Kikundi kimoja, matone yaleyale, miaka ileile. Picha hizi mbili hazikupaswa kutofautiana hata kidogo.

Hakuhitaji kusoma jina lililobandikwa. Kwa kila kikundi kliniki ilichukua sampuli mbili tu, moja ya mwanachama yeyote na moja ya kiongozi. Kiongozi wa kikundi cha Tuinuane alikuwa Perisi Chilongola, na Perisi Chilongola alikuwa mama yake.

Nyemo alikuwa mtoto wa darasa la kwanza jua la Dodoma lilipowashinda watu. Baada ya chai ya asubuhi hakuna aliyeweza kuinama shambani akainuka salama. Kampuni iliyomiliki mashamba ya zabibu ikahamishia kazi usiku, lakini taa zilileta wadudu makundi kwa makundi, na wadudu wakaharibu zabibu kuliko jua lilivyozikausha. Ndipo yakaja matone. Mwanamke aliyeyatia machoni kwa msimu mmoja aliona gizani kama komba: majani, vikonyo, kunguru aliyelala juu ya waya. Alichopoteza ni mchana. Matone yalizigeuza hata zile seli zinazoona rangi, zikawa za usiku, na tangu hapo mwanga wa jua ulimchoma macho kama pilipili. Kampuni iliahidi kwamba siku kazi ikiisha, kila mmoja atarudishiwa mchana wake.

Sasa kazi ilikuwa imeisha. Mashine za kuvuna zilikuwa zimefika. Hazikuwa na macho, na hazikuyahitaji.

“Tuinuane vipi?”

Daktari Kihwele, mkuu wa kliniki, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nyemo akasogea kidogo, bega lake likaziba kioo.

“Bado nahakiki, Daktari.”

“Hakiki upesi. Mashine ya sindano inaondoka wiki hii, na wale mama wamengoja vya kutosha.” Akanywa chai yake. “Mama yako alinisimamisha pale getini juzi, amejifunika kitenge mpaka puani. Akaniuliza kama rangi ya zambarau bado ipo duniani.”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia ipo, imejaa, inamngoja yeye.”

Daktari akacheka akaenda zake. Nyemo akabaki amesimama mbele ya ule uji wenye madonge, mkono mdomoni.

*

Nyumba ya mama yake ilikuwa na mapazia mawili mlangoni. Ulifungua la kwanza, ukalifunga nyuma yako, ndipo ukafungua la pili. Nyemo alifanya hivyo tangu utoto, bila kufikiri, kama wengine wanavyopangusa miguu. Nje ilikuwa saa sita mchana na mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Ndani kulikuwa na giza la kushikika.

“Usikanyage hapo, nimeanika karanga. Hapo hapo! Umeshazikanyaga.”

“Mama, hata salamu hakuna?”

“Mbukwa. Umekonda.”

Nyemo akacheka gizani, akapapasa mpaka akaupata mkeka. Yeye hakuona kitu, hata mkono wake. Mama yake alimwona mpaka jasho la shingoni. Ndivyo walivyoishi: mchana ndani, mama alikuwa na macho na binti hana; wakitoka nje, binti alimshika mama mkono.

“Umevaa rangi gani leo?”

“Bluu,” akajibu. Lilikuwa swali la kila siku, na kila siku alijibu lolote lililomjia kwanza mdomoni. Hakukumbuka alichovaa.

“Bluu ni nzuri,” mama akasema, akaendelea kumenya karanga. Maganda yalisikika yakivunjika. “Loisi ameshachagua atakachokitazama kwanza. Mama Chiduo anasema yeye ataanza na mume wake, aone kama ni yule yule aliyemwacha mchana.”

“Mama, yale matone. Mlikuwa mnayatumiaje?”

Maganda yakanyamaza.

“Kwa nini unauliza?”

“Nimeona picha yako.”

Sauti ya Mama Perisi ilikuwa ya mtu anayesimulia jambo la kawaida kabisa. Kampuni ilileta chupa kwa kila aliyepita kwa daktari wao. Lakini Loisi, mdogo wake, hakupita kwa sababu ya presha. Na wajane wawili wa kule bondeni hawakupita kwa sababu ya umri. Shambani msimamizi hakuuliza nani amepita na nani amekataliwa. Aliuliza kama unaona, na aliyeona aliandikwa kwenye orodha ya kikundi. Basi wanawake wakamletea Perisi chupa zote, akazimimina kwenye bakuli moja la kioo, na kila jioni kabla ya kazi wakapanga foleni ukutani, vichwa vimeinuliwa, naye akapita na mrija wa kudondoshea akiwatia.

“Mligawana dawa,” Nyemo akasema.

“Kwani ukipika ugali wa watu kumi wakaja watu zaidi, waliozidi wanakaa nje wanatazama?”

“Mama, ile ilikuwa dawa!”

“Ndiyo. Na njaa ilikuwa njaa.”

Nyemo alilijua jibu la swali lililofuata kabla hajaliuliza, maana alikuwa amekula mkononi mwa mwanamke huyu maisha yake yote, na hakuwahi hata mara moja kumwona akijipakulia kabla chungu hakijawazunguka wote.

“Na wewe ulikuwa wa ngapi kwenye foleni?”

“Swali gani hilo? Mimi si ndiye niliyeshika bakuli? Loisi na wale wajane nilikuwa nawaanza, kwa kuwa walikuwa wageni. Wote niliwatilia kama kampuni ilivyosema, sikumpunja mtu. Mama Chiduo alikuwa wa mwisho kabla yangu, na yeye anapenda kulalamika. Yeye ndiye kabisa sikumpunja.”

Picha ya kwanza, ile iliyokuwa safi kama yai, ilikuwa ya jicho la Mama Chiduo. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Wote walikuwa salama mpaka mtu wa mwisho kabla ya mama.

“Na wewe ulipata nini?”

“Yaliyobaki.”

Nyemo akavuta magoti kifuani. Chuoni walimfundisha kueleza mambo haya kwa wagonjwa kwa lugha nyepesi, na alikuwa hodari kwa hilo, akisifiwa. Leo akaanza kwa mbali.

“Nisikilize, mama. Kila seli mwilini mwako ina uzi uleule. Ya ngozi, ya moyo, ya jicho, zote. Kinachozitofautisha ni uzi umekunjwa vipi ndani ya kiini. Mtoto anapokua tumboni, kila seli inapanga nyumba yake. Vile isivyovihitaji inavisukumia ukutani na kuvifunga kwa vishikizo, vinalala huko. Vile inavyovihitaji inaviacha katikati, vinafanya kazi. Seli ya moyo ina mpangilio wake, ya ngozi wake.”

“Na ya komba?”

“Ya komba, ile ya jicho lake la usiku, ndiyo iliyopindua mambo. Inakata vishikizo, vilivyolala vinaanguka katikati, vinashikana donge moja. Lile donge linakusanya mwanga kidogo uliopo na kuupeleka mbele, kama lenzi. Matone yaliyafanya macho yenu hivyo. Lakini wewe ulipata pungufu. Vishikizo vyako vimekatika baadhi. Vitu vyako viko nusu ukutani, nusu njiani.”

“Si afadhali? Njia yangu ya kurudi ni fupi.”

Alilisema kwa furaha ndogo, kama mtu aliyegundua kwamba foleni yake ni fupi kuliko ya jirani. Nyemo alitamani dunia isimame hapo.

“Hapana, mama. Dawa ya kurudi inashona vishikizo vipya na kuvuta kwa nguvu. Kwa wenzako kuna donge moja, linavutika lote kwa pamoja. Kwako vipande vimeshikwa huku na huku. Ikivuta, uzi utakatika. Seli zitakufa.”

“Zote?”

“Zote.”

“Nisione mchana.”

“Wala usiku.”

Mabati yakalia juu yao. Nje mtoto wa jirani alipita akiimba wimbo wa kuwacheka makomba, jina walilopewa wanawake wa usiku, akakimbia kabla hajaitwa.

“Na nisipokwenda?”

“Utabaki ulivyo.”

“Na wenzangu?”

Nyemo akasikia mama yake akianza tena kumenya karanga, taratibu, moja moja.

*

“Daktari, tuseme kuna kikundi ambacho sampuli zake hazifanani.”

Daktari Kihwele alikuwa anakula mkate mezani kwake. Akautua.

“Kitafutwa. Dawa ya kikundi huchanganywa mara moja kwa nguvu moja. Sampuli mbili zisipofanana, mashine haiichanganyi.”

“Kiongozi akijitoa mwenyewe?”

“Sampuli yake inajitoa naye. Inabaki moja, na moja haitoshi.”

“Tuchukue nyingine.”

“Kwa sindano gani? Zilikuja mbili kwa kila kikundi, za kuchokoa jicho, si za kushonea nguo. Zimekwisha.”

“Basi siku ile mtu huyo umchome maji. Nani atajua?”

Daktari akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Nyemo kuliko ukali.

“Mimi sichomi mtu, binti yangu. Mashine inamtambua aliyeketi kwa jicho lake, inachota dawa ya kikundi, inachoma. Mmoja akikosekana kwenye viti, haifunguki kwa yeyote. Funguo zake ziko kampuni, huko ng'ambo. Kazi yangu ni kuwashika mikono wasitikisike.”

“Tuwaandikie. Tuwaeleze ukweli. Ni watu, wataelewa.”

“Mwaka jana niliwaandikia kuhusu kikundi kimoja. Wakanishukuru kwa uangalifu wangu, wakakifuta. Mama wale wako kule Chihembe hadi leo, wamejifungia ndani na mablanketi madirishani.” Akainuka, akafunga mlango. “Na ujue jambo lingine. Aliyepata matone pungufu, maana yake waligawana. Kugawana ni kuvunja mkataba. Hapo hata wasio na kosa wanapoteza haki yao. Kwa hiyo huo mfano wako usiniambie unaitwa nani.”

“Ni mfano tu, Daktari.”

“Ndiyo. Na mfano huo umedondosha machozi kwenye meza yangu.”

Nyemo akajifuta kwa kiganja. Alipochaguliwa kuja kusoma viini vya seli, aliamini kwamba ukishaona kitu kwa usahihi umekwisha kufika nusu ya kukitibu. Alikuwa ameona kwa usahihi kabisa.

“Kwenye mashine kuna vitufe viwili tu,” daktari akasema kwa sauti ya chini. “Zinafanana, hazifanani. Sijui kwa nini hawakuweka cha tatu. Nimekitafuta miaka mingi.”

*

Jioni ile wanawake wa Tuinuane walikuja kliniki kufundishwa watakavyokaa kwenye viti. Walikuja mapema, jua likiwa bado juu ya vilima, wameongozana mikono mabegani na vitenge vimefunika nyuso, na walipofika kwenye chumba chenye giza wakavivua wote kwa pamoja na kupumua.

“Makomba tumefika!” Mama Chiduo akatangaza. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, ingawa hajawahi kuuza samaki. “Wametuita komba miaka yote hii, na wala pombe yenyewe hatunywi.”

“Sema nafsi yako,” akajibu mmoja wa wajane wa bondeni, na chumba kikaangua kicheko.

Loisi akampapasa Nyemo shavu. “Mama mdogo atakuona, mwanangu. Mchana mweupe. Unajua sijawahi kukuona tangu umeota meno ya mbele? Yaani nakuona, lakini kama picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Najua una pua ya baba yako. Sijui una rangi gani.”

“Ya kwangu mwenyewe, mama mdogo.”

“Nitaitazama hiyo kwanza.”

Nyemo akageuka alikosikia sauti ya mama yake. Mwili mzima ulikuwa unamwambia asimame aseme. Walikuwa watu wazima. Walikuwa na haki ya kujua kwamba mchana wao ungelipiwa na jicho la mtu mmoja. Kama dunia ilikuwa na jambo moja aliloliamini, ni kwamba watu wakiambiwa ukweli wataamua vema.

“Mama zangu,” akaanza, “kuna jambo kuhusu sampuli…”

Vidole vya mama yake vilimpata gizani bila kupapasa, vikamshika kiwiko, vikambana.

“Kuhusu sampuli,” Mama Perisi akamalizia, “Nyemo anasema msile sana kesho. Mama Chiduo, hasa wewe.”

Wakacheka tena. Mama akamvuta Nyemo nje ukumbini, akajifunika uso.

“Ukiwaambia watakataa,” akasema kutoka ndani ya kitenge. “Loisi atakataa wa kwanza, kwa kelele. Wataketi gizani wote kwa heshima yangu mpaka wafe. Ndicho unachotaka?”

“Nataka wachague.”

“Hawatachagua. Wataona aibu tu. Aibu si kuchagua.”

“Na wewe unachagua?”

“Mimi niliwatia matone. Niliwaambia yatawasaidia, na yaliwasaidia, na wewe ukasoma. Nikiwaambia leo kwamba yale yale yamewafungia mlango, nitakaa nao wapi?” Akakaza kitenge usoni. “Macho ni yangu, Nyemo.”

“Na kidole kitakachobonyeza ni changu.”

Mama Perisi akainamisha kichwa. Nyemo hakuweza kuona chochote cha uso wake isipokuwa kitambaa kikipanda na kushuka.

“Kwa hilo nisamehe,” mama akasema. “Hilo tu ndilo ninalokuomba msamaha.”

*

Asubuhi ya siku ya sindano Nyemo alifunga pazia la kwanza, akafungua la pili. Alikuwa bado hajabonyeza kitufe. Usingizi haukuwa umempata, na alikuja na hoja mpya kichwani, na hoja zote zilianguka alipomsikia mama yake akivuta kigoda.

“Kaa hapa mbele yangu.”

Akakaa.

“Usinifanye mtakatifu,” mama akasema. “Nina hasira. Nilitaka ile zambarau. Nilijua nitaitazamia wapi, kwenye zabibu pale kwa Mzee Matonya, nikate shada moja, nilishike juani. Wote wale wataiona, na Loisi hata hajali zambarau. Basi, nimesema. Sasa nyamaza nikutazame.”

Nyemo hakuona kitu. Alisikia pumzi karibu na uso wake, halafu vidole vikamgeuza kidevu kulia, kikageuzwa kushoto, kikainuliwa. Alitamani kumwona anayemtazama, hata kivuli, akafumbua macho mpaka yakamuuma, na giza halikupungua.

“Hapa una kovu,” mama akasema. “La ile baiskeli.”

“Ndiyo.”

“Na hizi nyusi umezinyoa. Nani alikwambia uzinyoe?”

“Mama…”

“Tulia. Sijamaliza.”

Akaendelea kutazama. Mle gizani Nyemo alisikia jinsi mama yake alivyokuwa akipumua kwa utaratibu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Kisha vidole vikamwachia.

“Haya. Nenda kazini.”

Kliniki ilikuwa bado haijajaa. Nyemo aliwasha mashine, akaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ile ya yai na ile ya uji. Akazitazama kwa muda mrefu kana kwamba moja ingemwonea huruma ikabadilika. Kisha akabonyeza *Zinafanana*, mashine ikamshukuru kwa sauti nyororo.

Mchana waliketi kwenye viti vyao mstari mmoja. Daktari Kihwele alipita akiwashika mikono kila mmoja kwa zamu. Alipofika kwa Mama Perisi hakuuachia upesi mkono wake, na Nyemo akaelewa kwamba mfano ule ulikuwa umepata jina zamani.

*

Siku ya kufungua bandeji, muuguzi alilifungua dirisha kidogokidogo, upana wa kidole kwanza, halafu upana wa kiganja, halafu lote.

Loisi ndiye aliyepiga kelele. Hakumtazama Nyemo kama alivyoahidi. Macho yalimwangukia mapajani mwake mwenyewe, kwenye kitenge.

“Haya maua ni mekundu! Jamani! Nimekivaa kitenge hiki miaka yote najua kina maua meusi! Nilikivalia msiba!”

“Na kweli umezeeka,” akasema Mama Chiduo, akimkodolea macho yanayotiririka machozi. “Giza lilikusitiri, dada, sikudanganyi.” Kisha akalia kwa sauti, akamkumbatia, wakalia wote, na kicheko na kilio vikachanganyika mpaka muuguzi naye akaanza kujifuta. Wajane wa bondeni walikuwa wamesogea dirishani wakishindana kutaja: lile bati jekundu, ule udongo, ile ndoo ya kijani, tazama, tazama.

Mama Perisi aliketi kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limemwangukia usoni moja kwa moja, nusu ya uso ikiwaka. Hakukunja jicho. Alikuwa ameugeuzia uso ule upande zilikotoka kelele, akitabasamu.

Mama Chiduo ndiye aliyeona kwanza.

“Mama Nyemo. Mbona hutazami?”

“Natazama.”

“Unatazama ukuta.”

Kelele zikapungua, zikaisha. Loisi akaja akapiga magoti mbele ya dada yake, akapitisha mkono mbele ya macho yake mara moja, mara ya pili. Kisha akageuka, na sasa ndipo alipomtazama Nyemo kwa mara ya kwanza mchana mweupe.

“Wewe ndiye uliyepima,” akasema. “Ulijua?”

Hakukuwa na uongo mdogo wa kutosha kwa swali lile.

“Nilijua, mama mdogo.”

“Msimwandame mtoto,” Mama Perisi akasema kwa ukali. “Aliyegawa ni mimi. Kama kuna mwenye neno, alilete hapa.”

Hakuna aliyelileta. Mmoja wa wajane alirudi polepole kutoka dirishani kana kwamba amekutwa na kitu cha wizi. Mama Chiduo alifunika macho yake kwa viganja, akawa gizani kwa hiari yake. Nyemo alimwona Loisi akifungua mdomo na kuufunga, na akajua kwamba mama yake hakukosea: kama wangeambiwa, wangekataa wote. Kujua hivyo hakukumpunguzia chochote. Alikuwa amewanyima nafasi ya kukataa, na hata leo hakujua kama lilikuwa tendo la upendo au la woga.

“Basi mnaninyima?” mama akauliza. “Mmeona, mnanyamaza? Haya, tuanze kama siku zote. Loisi wa kwanza.”

“Dada, siwezi.”

“Inua kichwa. Niambie.”

Loisi akalia kwanza, akajipangusa, akaishika kona ya kitenge chake na kuitia katika mkono wa dada yake. “Maua mekundu,” akasema. “Mekundu kama… kama makaa ya moto. Na katikati yana kidoa cheupe.” Wakafuata wajane, mmoja na bati, mwingine na vumbi la barabarani. Wakaenda hivyo mmoja mmoja, kwa foleni ileile ya ukutani, kila mmoja akidondosha kitu chake kimoja. Mama Chiduo alikuwa wa mwisho. Alitafuta nje kwa muda mrefu mpaka akaiona ile rangi ambayo Mama Perisi hakuacha kuiulizia, kwenye kikapu cha zabibu cha mwanamke aliyekuwa akipita barabarani.

“Zambarau ipo,” akasema. “Ina vumbi juu yake. Ukiifuta kwa kidole, chini inang'aa.”

Mama Perisi aliitikia kwa kichwa, akaifunga mikono yake kama mtu aliyepokea.

“Nyemo uko wapi?”

“Niko hapa, mama.”

“Umevaa rangi gani leo?”

Nyemo alijitazama. Lilikuwa gauni jipya, alilinunua zamani kwa ajili ya siku hii, kabla ya ile picha ya pili.

“Njano.”

“Njano ipi?”

Alilishika pindo lake juani. Alitazama kwa makini, kama alivyofundishwa, kama ambavyo hajawahi kutazama kitu tangu aanze kazi, akitafuta jambo moja tu ambalo mama yake alikuwa ameliona kabla ya matone.

“Ya yai,” akasema. “La kuku wa kienyeji, lililochemshwa. Ukilikata katikati.”

“Hiyo naikumbuka,” mama akasema.

Jua likasogea kutoka usoni mwake, likapanda ukutani, na yeye hakugeuka kulifuata.